Kutoka katana kwenda vitara vya Ulaya: kipi kinahamishika, kipi kinaharibu upanga?

MakaliMawili

Wakuu, salaam.

Nina panga tatu za Kijapani, na sasa moyo umehamia Ulaya: vitara vya wapanda farasi vya kuanzia 1796 hadi 1908, na baadaye pengine upanga mmoja wa zama za kati. Nilizo nazo ni hizi. Katana ya sm 69.4, ina sahihi ya mhunzi kwenye msuka (sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini), haina cheti. Wakizashi (upanga mfupi) ya sm 48, haina sahihi, ila ina cheti cha Hozon cha NBTHK, chama cha Japani cha kuhifadhi panga za sanaa. Na gunto (upanga wa jeshi) ya miaka ya Vita Kuu ya Pili, yenye chapa ndogo kwenye msuka.

Naomba msaada kwa mambo manne. Jicho lililozoea hamoni (mchoro wa makali yaliyofanywa magumu) na hada (nyuzi za chuma kilichofuliwa) linafaa chochote mbele ya chuma cha Ulaya? Utunzaji ni uleule, yaani unga wa uchiko na mafuta ya choji? Nikitaka kupunguza, niachie upi? Na anayeanza upande wa Ulaya aanze na aina gani, ili asiuziwe bandia?

---

MsukaMzima

Mkuu, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Jicho litakufaa, ila ushahidi umehama mahali pake, na usipojua umehamia wapi utakuwa unautafuta pasipo kitu.

Upanga wa Kijapani umeundwa ufunguliwe. Ukitoa kijiti kimoja cha mwanzi (mekugi), mpini unavuka, na ndani unakuta msuka wenye habari zote: sahihi, alama za tupa, idadi ya matundu, rangi ya kutu. Ndiyo maana fundi togishi anaweza kuung'arisha ubapa upya mara kadhaa katika karne zake, ila kutu ya msuka haiguswi kamwe. Ukiisugua, umri hausomeki tena.

Ulaya ni kinyume chake. Ncha ya msuka imepondwa kwa nyundo juu ya kifundo cha mpini na haikukusudiwa kufunguliwa. Anayeifungua huacha alama mpya za nyundo, na mnunuzi yeyote makini ataziona. Ushahidi uko nje: kwenye mgongo wa ubapa, kwenye ubapa pale unapokutana na mpini, kwenye kikinga-mkono, kwenye mdomo wa ala. Kwa hiyo ubapa wa Ulaya haung'arishwi. Chapa zake hazina kina, na saa chache za msasa zinatosha kuzimaliza.

Tazama Ufaransa. Vitara vya jeshi vya karne ya 19 vina maandishi ya mwandiko wa mkono yaliyochongwa mgongoni: kiwanda, mwezi, mwaka, mara nyingi kwa vifupisho. Kwanza ni Klingenthal ya Alsace, iliyoanza 1730, kisha Châtellerault, iliyoanzishwa 1819. Neno linalofuata "Manufacture" (kiwanda) lazima liendane na utawala wa wakati huo. Impériale (ya kaisari) ni 1804 hadi 1814. Royale (ya mfalme) inafuata hadi 1848, ukiacha miezi michache ya 1815 Napoleon aliporudi. Halafu Nationale (ya taifa) hadi 1852, Impériale tena hadi 1870, kisha Nationale. Ukikuta "Royale" na mwaka 1855 kwenye mgongo mmoja, rudisha kwa mwenyewe. Tazama pia mwandiko: maandishi halisi yamechongwa kwa patasi ndogo, mistari inanenepa na kukonda, na kutu imeingia ndani ya mikato. Ya mashine yana kina kimoja mwanzo hadi mwisho na sakafu yake inang'aa.

Kwa Uingereza, tafuta herufi za mfalme au malkia chini ya taji: VR ni 1837 hadi 1901, ER ya Edward VII ni 1901 hadi 1910, GR ya George V ni 1910 hadi 1936. Mshale mpana ni mali ya serikali. Mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha maana yake upanga uliondolewa rasmi jeshini, na hiyo si dosari. Jina lililo karibu na mpini, hasa kwa panga za maofisa, mara nyingi ni la muuza sare aliyeuuza. Ubapa wenyewe ungeweza kutoka Birmingham au Solingen.

Kinachohamishika kutoka Japani ni kusoma umbo. Umezoea kupima unene kwenye noleo (habaki) na karibu na ncha. Tabia hiyo ihifadhi, maana huku ndiyo kipimo kinachokamata bandia nyingi kuliko kingine chochote. Katana ya kawaida huanza na mm 7 hivi na kuishia mm 5 hivi, upana kutoka mm 30 hadi 20. Kitara cha Uingereza cha 1796 cha wapanda farasi wepesi huanza mgongoni na mm 8 au 9 na kuishia karibu mm 2. Bandia zimekatwa kwenye bamba lenye unene mmoja, kwa hiyo zinabaki nene mpaka nchani, na mkono unachoka upesi kuzibeba.

---

MtunzaAla

Nichukue utunzaji, maana hapo ndipo waliotoka Japani hufanya uharibifu bila kujua.

Uchiko usiupeleke Ulaya hata chembe. Ni unga wa jiwe la kunolea, kazi yake ni kusugua. Hata kwenye ubapa wa Kijapani uliong'arishwa vizuri, wengi sasa hufuta mafuta ya zamani kwa alkoholi safi na kitambaa cha maikrofaiba, kwa sababu uchiko wenye chembe kubwa huacha mikwaruzo myembamba inayoziba hamoni. Sasa upeleke kwenye upanga wa ofisa wa 1780 hadi 1820, ule wenye ubapa wa buluu na nakshi za dhahabu. Dhahabu huanza kutoka, kisha buluu, na hakuna fundi atakayeirudisha ikawa ileile. Nakshi za asidi za enzi ya Victoria nazo hupoteza ule ukungu wa kijivu unaotenganisha picha na chuma.

Mafuta ya choji ni mafuta mepesi yenye karafuu kidogo tu. Usimwage mafuta halisi ya karafuu juu ya ubapa. Kwa panga za Kijapani yanatosha: tabaka jembamba, lifutwe na kupakwa upya kila miezi michache. Kwa Ulaya tumia nta ya maikrokristali, ile inayotumika makumbusho, kwa sababu haitiririki kuelekea mpini. Kazi yenyewe iende hivi:

1. Vaa glavu za nitrili. Chumvi ya kidole huacha alama ya kutu yenye umbo la kidole.
2. Ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha futa ubapa kwa pamba yenye alkoholi au roho nyeupe ya kusafishia rangi. Usifike kwenye mpini.
3. Gusa kutu. Ikichafua kidole kwa wekundu, iko hai. Weka tone la mafuta mepesi ya mashine, acha usiku kucha, kwangua kwa kipande cha mwanzi au shaba ya njano iliyochongwa bapa. Rudia. Acha ukifika kwenye weusi. Weusi huo ni kinga na ni sehemu ya umri.
4. Paka nta nyembamba, subiri dakika chache, sugua kwa kitambaa kikavu.

Mpini wa Ulaya kwa kawaida ni mti uliovikwa ngozi ya samaki au ya mnyama, juu yake waya uliosokotwa. Mafuta yakiingia hapo ngozi inalainika, inaachia mti, na waya unalegea. Ule ukijani unaoota pale shaba inapogusa ngozi, utoe kwa kijiti kikavu cha mti, basi.

Halafu ala, na hili ndilo wengi hawalitarajii. Saya ya Kijapani imechongwa kwa mti wa honoki, laini na usio na asidi nyingi, na upanga unatakiwa kuishi ndani yake, umelazwa makali juu. Ala ya ngozi ya Ulaya haifai kuwa makazi. Ngozi iliyotiwa dawa ya magamba ya miti ina asidi, inafyonza unyevu, na kila mwaka inasinyaa kidogo. Ubapa ukiulazimisha kurudi, mshono wa nyuma unapasuka, na mshono huo hauna ukarabati mzuri. Hifadhi ala peke yake na upanga peke yake. Unyevu wa chumba uwe asilimia 45 hadi 55. Chini sana mti na ngozi vinapasuka, juu sana chuma kinakula kutu.

Ala za chuma zina vipande vya mti ndani, vimeshikwa na skrubu za mdomoni. Hizo nazo naziweka mbali na ubapa.

---

MsukaMzima

Kwenye ala ya chuma natofautiana kidogo na MtunzaAla. Ikiwa vipande vya mti vimekaa imara na chumba ni kikavu, ubapa uliopakwa nta unaweza kubaki ndani. Hatari ni kimoja cha vipande hivyo kikilegea: kinajikunja ndani na upanga unakwama njiani. Ukihisi ubapa unakataa, usivute kwa nguvu. Ingiza tena, geuza mdomo wa ala chini, gongagonga taratibu, jaribu tena. Mengine yote nakubaliana naye.

---

TamahaganeTupu

Nijibu la kuuza. Anza na gunto, ndiyo rahisi kuamua. Fungua mpini utazame chapa kwenye msuka. Chapa ya "Sho" au ya Seki (mji wa wahunzi wa panga) karibu kila mara inamaanisha ubapa haukufuliwa kwa njia kamili ya jadi: chuma cha kawaida, mara nyingi kimepozwa kwenye mafuta. Nyota ndogo ni habari nyingine. Hiyo ni ya wahunzi wa RJT, yaani walioidhinishwa na jeshi la nchi kavu, waliopewa tamahagane (chuma cha jadi cha panga) na jeshi, na kazi yao ni ya jadi. Gunto yenye nyota itunze. Isiyo nayo iachie bila wasiwasi, ila usifikirie kuipeleka Japani, maana panga za kijeshi zisizo za jadi hazisajiliki kule.

Katana ndiyo yenye kazi. Kuifungua: legeza upanga kwenye saya kwa kusukuma tsuba (kikinga-mkono) kwa kidole gumba, uvute wote kwa mwendo mmoja ukiegemeza mgongo chini, usikwaruze makali. Gonga mekugi itoke. Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, ubapa usimame ukiinama kidogo, makali yakitazama mbali nawe. Kwa ngumi ya kulia piga kifundo cha mkono wa kushoto. Usipige kwa hasira. Mapigo mafupi yanatosha, msuka unaruka kidogo kidogo. Ukishalegea, shika msuka, ondoa mpini, kisha seppa (kibati chembamba cha kubania), tsuba, seppa, na habaki mwisho. Mpini ukikataa kabisa, acha. Mti umevimba au kutu imeshika, na nguvu itaupasua.

Sasa pima nagasa (urefu wa ubapa) kwa mstari mnyoofu kutoka kidato cha mgongo hadi nchani, pima sori (mpindo), upana na unene kwenye ncha zote mbili, hesabu matundu. Piga picha za msuka pande zote mbili, kamera ikiwa wima juu yake, taa moja ya pembeni, kitambaa cheusi chini. Kisha lenzi ya mara 10 kwenye makali yote, sentimita kwa sentimita, taa ikipita kwa ulalo. Unatafuta hagire, yaani ufa mwembamba uliosimama wima kutoka kwenye makali kuingia hamoni. Huo ukiwepo, habari ya cheti imekwisha. Mishono iliyofunguka kidogo kwenye hada ni dosari inayovumilika. Wakati huohuo tazama hamoni yenyewe: halisi ina nie au nioi, chembe na ukungu vinavyotembea taa ikitembea, iliyochorwa kwa asidi imelala bapa na haibadiliki.

Sahihi isikupe homa. Majina makubwa yalighushiwa tangu enzi zao, mhunzi Kotetsu akiwa mfano mashuhuri, na NBTHK ikiona sahihi ni ya uongo haitoi cheti. Njia ya cheti ni ndefu: upanga uingie Japani kwa kutangazwa forodhani, usajiliwe, upelekwe kwenye uchunguzi, kisha upate kibali cha kutoka nchini, kinachotolewa na Idara ya Utamaduni. Tumia wakala, hesabu miezi. Na usiung'arishe kwanza. Umbo na hada iliyochakaa bado vinasomeka, ila chuma kilichoondolewa na mng'arishaji asiyejua hakirudi.

Wakizashi mimi ningeibakiza, ingawa ndiyo ingeuzika upesi. Hakikisha picha ya msuka iliyo kwenye cheti inalingana na msuka ulio mkononi, tundu kwa tundu. Ikilingana, una chuma kilichothibitishwa cha kulinganishia kila kingine, hata ukihamia Ulaya moja kwa moja.

---

MakaliMawili

Asanteni sana wakuu. Gunto ina chapa ya Seki, kwa hiyo hiyo ndiyo inayoondoka.

Kuna kitara nimeletewa kikitajwa kuwa cha 1796 cha wapanda farasi wepesi. Vipimo: ubapa sm 83 kwa mstari mnyoofu, upana mm 38 kwenye mpini, unene mm 5 kwenye mpini, mm 4.5 katikati, mm 4 sentimita tano kabla ya ncha. Uzito kg 1.25 bila ala. Juu ya mpini kuna nati ndogo ya mviringo. Ubapa una madoa meusi yaliyosambaa sawasawa. Mnasemaje?

---

MsukaMzima

Mrudishie mwenyewe, mkuu. Urefu na upana ni sahihi kwa sababu hivyo vinapatikana kwenye picha yoyote. Unene ndio uliomsaliti: mm 5 hadi 4 ni bamba. Halisi ingeanza na karibu mara mbili ya hapo na kuishia nusu ya hapo, na ingekuwa na uzito wa karibu kg 0.9. Uzito wa ziada uko mbele, kwenye theluthi ya mwisho ya ubapa, ambapo kitara cha aina hii hupanuka na kukonda kwa pamoja ili kikate.

Nati ni tatizo la pili. Mwaka 1796 msuka ulipondwa. Tazama pia pembeni ya mpini: bamba la mgongoni la 1796 lina masikio mawili, na ribiti inapita katikati ya masikio, mti na msuka. Bandia nyingi zina masikio ya urembo bila ribiti, au ribiti ya uongo isiyotokea upande wa pili. Na madoa yaliyosambaa sawasawa ni kazi ya asidi. Kutu ya kweli ina upendeleo: imezidi pale mkono uliposhika, pale maji yalipojikusanya chini ya kikinga-mkono, na karibu na mdomo wa ala.

Kwa kuanza, chagua moja kati ya mbili. Upanga wa ofisa uliotengenezwa na Wilkinson wa London, wenye namba mgongoni, kwa sababu kumbukumbu za namba hizo kuanzia miaka ya 1850 zimehifadhiwa na mara nyingi zinataja tarehe na jina la mnunuzi. Au kitara cha Kifaransa cha mfano wa 1822 chenye mgongo unaosomeka. Ule wa 1908 wa Uingereza ni chombo kizuri, ila ni wa kuchomea, umenyooka, na hautakufundisha lolote kuhusu vitara.

---

TamahaganeTupu

Kwa mtu aliye katikati ya pande mbili kama wewe, usipite kyu-gunto bila kuzitazama. Ni panga za jeshi la Japani za kuanzia miaka ya 1870 hadi 1934, mpini wa mtindo wa Ulaya wenye upinde wa kukinga vidole. Nyingi zina ubapa wa kiwandani, ila baadhi ya maofisa waliingiza ubapa wa ukoo ndani ya mpini huo. Dalili ya haraka: vuta upanga sentimita chache. Ukiona habaki nzuri na hada chini yake, huenda kuna msuka wa karne nyingi uliofichwa. Rudi nyuma zaidi utamkuta mhunzi Yasutsugu, aliyemtumikia mtawala Tokugawa Ieyasu, akiandika kwenye misuka yake kwamba ametumia chuma cha ng'ambo. Pande hizi mbili zimekutana mapema kuliko wengi wanavyodhani.

---

MtunzaAla

Neno kuhusu zama za kati, maana ulilitaja. Jifunze mpangilio wa mtafiti wa panga Ewart Oakeshott, aina ya X hadi XXII, unaopanga panga kwa umbo la ubapa, mfereji na uwiano wa mpini. Utakusaidia kuona kifundo cha karne moja kilichobandikwa kwenye ubapa wa nyingine. Karne ya 19 ilitengeneza nakala nzuri mno za kupamba kumbi. Warsha ya Ernst Schmitt ya Munich ni mfano unaojulikana, na nyingi zimeshazeeka zenyewe, kwa hiyo kutu ya kweli peke yake haithibitishi zama za kati. Panga chache zenye bahati ni zile za ghala la silaha la Alexandria, Misri, panga za Ulaya zilizochongwa maandishi ya Kiarabu yanayotaja kuwekwa kwake ghalani. Tarehe hizo zimesaidia kupanga umri wa nyingine zisizo na maandishi.

Upanga uliochimbwa ardhini au kutolewa mtoni uwe na karatasi zinazoonyesha ulikuwa wapi kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni. Na hata ukiwa na karatasi, utazame juu kwa lenzi: matone madogo ya majimaji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye kutu ni kloridi inayoendelea kula ndani. Nta haiizuii. Upanga huo unataka sanduku lisilopitisha hewa lenye silika kavu, unyevu chini ya asilimia 20, na kipima unyevu kinachosomeka bila kufungua kifuniko. Ukiwa huna nafasi ya sanduku hilo, usiuchukue.